Nilivyowasugua Wanyama wa Mzee Gulamu

Ukinikuta njiani ukaniuliza habari za posa ya Nasra nitakwambia ilikwenda vizuri, alhamdulillahi, na hapo hapo nitakugeuzia mazungumzo nikuulize baridi unaionaje. Lakini leo tuko wenyewe, birika lipo mezani, na wale waliokuwepo siku ile washaisambaza hadithi mpaka Southall, kila mtu na nyongeza zake (kuna mmoja anasema niliyeyusha dhahabu ya watu nikafanya bangili), kwa hiyo acha niseme kwa mdomo wangu. Mimi Zuhura, mtu mzima, mama wa binti wa kuolewa, niliumbuka mbele ya wakwe kwa sababu ya ndimu.

Mnanijua mimi na usafi. Ukiingia kwangu unavua viatu nje, na bomba langu la jikoni unaweza kujipaka wanja ukijitazama. Ugonjwa huu nimeurithi kwa mama yangu, maana kule kwetu Unguja ikikaribia Idi tulikuwa tunateremshiwa vyombo vyote vya shaba, masinia, mabuli, chetezo, tunakalishwa uani na ndimu na majivu tunasugua mpaka vidole vinababuka, halafu mama anachukua sinia lako analiinua analitazama, asipoyaona meno yake mle ndani anakurudishia bila kusema neno. Kwa hiyo mimi nikiona shaba ina kutu siioni kama kitu kilichochakaa, naiona kama mtoto wa watu ana makamasi na hakuna wa kumfuta.

Sasa huyo Mzee Gulamu ni baba yake Faruki, na Faruki ndiye kijana aliyempenda Nasra wangu. Mzee ni Muhindi wa Unguja, kazaliwa mjini hasa, akaondoka baada ya Mapinduzi akiwa kijana, akaja huku London akafungua duka la dawa Southall mpaka alipostaafu, na Kiswahili chake mpaka leo kinatushinda sisi tuliokiacha juzi. Mkewe, Bi Shirini, naye wa huko huko Unguja, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mzee alikuwa amepanga mwanawe aoe kwa jamaa zake Leicester, na ilichukua muda mrefu sana na machozi mengi ya Nasra (na mimi nikilia naye jikoni, kila mtu na kitunguu chake cha kusingizia) mpaka akalainika akasema haya, nitakuja kuposa. Na upande wetu kulikuwa na kaka yangu Seif, ndiye msimamizi wa Nasra kwa kuwa baba yake hayupo, mtu wa dini, mkali, asiyependa mzaha. Kwa hiyo mambo yote ya mwanangu yalikuwa yananing'inia kwa wazee wawili, na kila mmoja anatafuta sababu ya kukataa.

Nasra aliniambia wiki nzima, "Mama, please, siku hiyo usifanye kitu chochote cha ziada." Nikamwambia mimi tangu lini nikafanya cha ziada.

Siku chache kabla ya posa Mzee Gulamu akaja kwangu Stratford kwa treni, amepakata sanduku dogo la mbao kama mtu aliyepakata mtoto mchanga. Paa la nyumba yake lilikuwa linavuja, mafundi wanaingia na kutoka, hana imani nao. Akaniambia, "Bi Zuhura, nakuwekea amana. Ni vitu vyangu vya zamani. Usivishughulikie, viache vilivyo, Jumapili nikija nitavichukua."

Nisikilizeni vizuri hapo, maana kosa lote liko hapo. Usivishughulikie. Sasa kwetu sisi mgeni gani haingii nyumbani kwako akasema usijishughulishe? Unamwambia nakupikia chai, anasema usijishughulishe, unapika, anakunywa vikombe vitatu. Ole wako usipike kweli, atakusema mpaka siku ya kufa kwake. Basi mimi nilimsikia Mzee kama ninavyowasikia watu wote, nikasema inshallah, nikaliweka sanduku juu ya kabati.

Ijumaa sikuwa na zamu kazini. Nikawa nafuta vumbi juu ya kabati (vumbi lenyewe halikuwepo, lakini Ijumaa ni Ijumaa), nikaliteremsha na sanduku nilifute, na nilipoliteremsha nikasikia kitu kinagonga ndani, nikasema lahaula, kimevunjika kitu cha watu, acha nichungulie tu. Kuchungulia tu. Ningeliacha sanduku lile juu ya kabati siku ile, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake.

Ndani mlikuwa na visanamu vitano vya shaba, vimelazwa juu ya pamba, kila kimoja kinaenea kiganjani. Alikuwepo farasi mwenye mbawa, sikio moja limevunjika. Alikuwepo simba mwenye mdomo wa tai, na simba mwingine mwenye uso wa mwanamke, naye ana mbawa pia (hao waliovitengeneza mbawa hawakuzifanyia ubahili). Alikuwepo mtu aliyekuwa mtu mpaka kiunoni, kuanzia hapo farasi mzima na mkia. Na wa mwisho, Mungu niepushe, mwanamume mwenye miguu ya mbuzi anapiga filimbi, kwato zake, kijikia chake, na hana hata kitambaa. Sisi tuliokulia Unguja tukiona mtu ana kwato hatuulizi anatoka wapi, tunasoma Ayatul Kursi. Nikasoma, nikapuliza pande zote, kisha nikaendelea kutazama.

Lakini kilichonishtua hasa si kwato. Ni kutu. Vyote kijani, kijani imeganda mpaka kwenye nyusi za yule simba mwanamke. Moyo ukaniuma, wallahi, nikasema maskini Mzee Gulamu, Bi Shirini kaondoka na nyumba imeondoka naye, hana hata wa kumsugulia mapambo yake. Na nikajiambia tena, mtu huyu anakuja kumposa mwanangu, ananiletea amana, na mimi nimrudishie na uchafu wake vilevile? Watasema Nasra katokea nyumba gani?

Nilikusudia bawa moja tu. Bawa moja la farasi, nione shaba yake ikoje. Nikakata ndimu nikasugua, likatoka bawa linang'aa mpaka nikacheka peke yangu. Sasa farasi ana bawa moja la harusi na jingine la msiba, utamwacha hivyo? Nikamsugua wote. Nilipomrudisha kwenye pamba wenzake wanne wakaonekana kama jamaa maskini walioalikwa kwa kuhurumiwa, nikaona siwezi kuwafanyia ubaguzi.

Ndimu peke yake ikawa haitoshi, inahitaji majivu, na London majivu utayapata wapi, mji mzima wanapikia gesi na umeme. Ila jirani yangu Mama Neema, Mchaga, nesi, ana jiko lake la mkaa anachomea nyama kwenye baraza la flati yake, kwa siri, wenye nyumba wakimjua watamtoa. Nikamgongea, akanipa majivu kwenye kopo la ice cream, akauliza ya nini. Nikamwambia namsafishia mkwe vyombo vyake. Akasema, "Dada, wewe una moyo." Nikaona hata Wachaga wananiunga mkono.

Mpaka alasiri nimemaliza. Vidole vinaniwasha, maji ya beseni yamekuwa kijani kama umechemsha mchicha, nikayamwaga kwenye sinki nikafungulia bomba yaende zake. (Faruki alinieleza baadaye kwamba nilichomwaga pale ni miaka elfu mbili.) Nikawapanga mezani wote watano, wanamwekamweka kama dhahabu ya Dubai, na kwenye tumbo la yule mtu farasi nikayaona meno yangu. Nikamkumbuka mama. Nikalia kidogo, msinicheke. Yule wa miguu ya mbuzi nilimkatia kipande cha lesi kilichobaki kwenye gauni la Nasra, nikamfunga kiunoni kama kikoi, maana nyumba hii ina binti.

Jumapili ikafika. Mpango wangu ulikuwa hivi: posa ikishakubaliwa nimwite Mzee Gulamu jikoni pole pole nimpe amana yake, afurahi, na Kaka Seif asijue kwamba nyumbani kwangu yamelala masanamu, kwa sababu Kaka Seif hata kalenda yenye picha ya paka ananitolea ukutani. Kwa hiyo nikawatandikia wale wanyama kitambaa cheupe kwenye sinia, nikawafunika kawa, ile kawa ya ukindu aliyonisukia mama yangu. Na pembeni yake nikaweka sinia jingine, la halwa na visheti, nalo nikalifunika kawa. Mnaona ninakoelekea. Mimi sikuona.

Wanaume wakakaa sebuleni: Kaka Seif, Mzee Gulamu, na Faruki. Kaka Seif alianza kwa kununa, tangu lini bwana harusi akaja kujiposea mwenyewe, nikamwambia kaka, baba yake haendeshi gari tena, nani angemleta na mabeseni yote yale ya zawadi. Sisi wanawake tukawa jikoni, mimi, Nasra na Mama Neema, mlango wazi kidogo tusikie. Kaka Seif akaongea. Mzee Gulamu akaongea, kwa Kiswahili kizuri mpaka Mama Neema akatikisa kichwa, akasema wamekuja kuomba ua katika bustani yetu, na Nasra akanishika mkono akaubana. Nikaona mambo yananyooka. Kaka Seif akaita, "Zuhura, tuletee chochote, koo zimekauka."

Faruki, kijana wa watu ana adabu, akainuka haraka akaja mpaka mlangoni, "Anti, mimi nitabeba." Mimi nimempa mgongo, namimina kahawa. Nikasema, "Chukua hilo sinia lenye kawa, mwanangu."

Nikasikia sinia linawekwa mezani. Nikasikia Kaka Seif anasema bismillahi. Halafu sikusikia kitu. Nikamwambia Mama Neema kwa kujisifu, unaona, wameishangaa halwa yangu.

Ndipo sauti ya Kaka Seif ikaja, taratibu, ile sauti yake ya kabla ya kugomba. "Mzee Gulamu, sisi ni watu wa dini. Mmetuletea masanamu, ndama wa Samiri?"

Mzee Gulamu akacheka. Wallahi alicheka. Akasema, "Hapana, Sheikh, hivi si vyetu. Vitu kama hivi vinauzwa sokoni kwa watalii, havina thamani yoyote. Nilidhani ni mapambo ya Bi Zuhura."

"Mapambo gani? Huyu mwenye kwato amevaa lesi."

Mngekuwa nyinyi mngetoka kwa mlango wa nyuma, ila flati yangu mlango ni mmoja. Na mimi, kwa kimbelembele changu, bado nilikuwa nangoja kushukuriwa. Nikatoka na kahawa yangu, natabasamu, nikasema, "Ndivyo vyako hivyo, Mzee. Ile amana. Hukuvitambua? Nimekusafishia."

Tabasamu lake likabaki pale pale usoni, ila mwenyewe alikuwa keshaondoka. Akanyoosha mkono akamchukua yule farasi, akampapasa kichwani kwa kidole gumba mpaka akalipata lile sikio lililovunjika, kidole kikasimama hapo. Nilimwona anabadilika rangi.

"Umevisafishia nini?"

"Ndimu."

"Ndimu," akasema.

"Na majivu kidogo. Sikutia dawa yoyote ya dukani, Mzee, yote kwa mkono."

Faruki akafumba macho. Halafu kwa sauti ya chini, kwa heshima zote, akanieleza kwamba wanyama wale walitengenezwa na Warumi wa kale, walikaa ardhini zama na zama, na kwamba ile kijani haikuwa uchafu, ile kijani ndiyo iliyokuwa shahada yao ya umri, ndiyo watu wanayoilipia, na baba yake aliwakusanya mmoja mmoja tangu alipofika nchi hii, na haisuguliwi, na ikitoka hairudi. Kila alichosema mimi nilikuwa nazidi kuwa mfupi. Nasra yuko mlangoni pa jikoni, mtandio umemwanguka mabegani, ananitazama tu, na ningependa anipigie kelele kuliko vile alivyonitazama.

Mzee Gulamu hakugomba. Alimweka farasi kwenye sinia, akainuka, akasema, "Samahanini," akaenda mlangoni akavaa viatu vyake akatoka. Kaka Seif akakunja mikono akasema, "Basi, posa imeishia kwenye masanamu." Alikuwa karibu kufurahi.

Nikamkimbilia. Miguu mitupu, kikombe cha kahawa bado mkononi (sijui nilidhani nitakipeleka wapi), nikamkuta anangoja lifti, na lifti ya jengo letu haina haraka na mtu. Nikamwambia, "Mzee, nipige, nitukane, chochote utakacho, lakini mtoto wangu hana kosa. Yeye aliniambia nisifanye cha ziada. Mimi nilikuonea huruma. Nilidhani vimeota kutu kwa sababu Bi Shirini hayupo."

Akabonyeza kitufe tena. Anatazama mlango wa lifti. Halafu nikaona mabega yanatikisika, nikasema ya rabi, nimemliza mzee wa watu. Akageuka, na kweli machozi yalikuwepo, lakini alikuwa anacheka, vyote kwa pamoja.

"Kila Idi," akasema. "Kila Idi, tangu nilipomwoa. Alikuwa anasimama mbele ya kabati langu la hao wanyama na ndimu mkononi. Ananiambia, Gulamu, niache niwasugue, naona haya wageni wakija. Namwambia ukiwagusa nakuacha. Maisha yake yote akavumilia ile kutu ndani ya nyumba yake." Akafuta macho kwa leso. "Huko aliko leo amenicheka sana."

Lifti ikafika, ikafunguka, ikafunga, ikaondoka bila yeye. Akachukua kile kikombe cha kahawa mkononi mwangu akakinywa pale pale, kimepoa, akakimaliza, akasema turudi ndani, watoto wanangoja.

Akavua viatu, akakaa, akamwuliza Kaka Seif, "Tulifikia wapi?" Kaka Seif akasema hatusomi Fatiha mbele ya masanamu, basi Mzee Gulamu mwenyewe akawafunika kawa, na pale sinia lilipokuwa, katikati yao, posa ya mwanangu ikakubaliwa na Fatiha ikasomwa, na sina hakika kama kuna binti mwingine wa Unguja aliyeposwa juu ya simba wawili, farasi mmoja na nusu, na mbuzi. Nasra alilia. Mama Neema alilia zaidi ya Nasra. Mimi nilirudi jikoni kukata halwa.

Lakini msidhani nilisamehewa bure. Alipokuwa anaondoka Mzee Gulamu akafunua kawa, akamfungua yule wa kwato lesi yake, akaninyooshea. "Huyu atakaa kwako. Dirishani jikoni, pale unapoosha vyombo, umwone kila siku."

"Mpaka lini, Mzee?"

"Mpaka arudi kijani. Na kitambaa kisimguse."

Nikamwuliza kama kwa Idi itakuwa tayari. Akacheka mpaka akashikwa na kikohozi.

Basi mnamwona pale. Nasra sasa ana mtoto anayekimbia, na huyu bado yuko na filimbi yake, uchi wake, anang'aa. Mzee akija, kabla hajaamkia watu anaenda dirishani, anavaa miwani, anamgeuza huku na huku, anasema, "Bado." Kaka Seif naye akija anauliza kutoka mlangoni kama bado, maana alinipa fatwa yake mwenyewe kwamba akishaota kutu hafanani na kitu chochote, hapo atastahimilika. Wazee wawili hawakubaliani hata mwezi umeandama lini, lakini kwenye kutu yangu wako pamoja. Mwaka huu kimetokea kidoa cha rangi ya chai nyuma ya kwato la kushoto, Mzee akampigia simu Faruki kazini kumwambia.

Na mimi ninaishi naye. Mimi, mtoto wa mama yangu, nina shaba chafu dirishani kwangu, vumbi limemwingia mpaka kwenye filimbi, na ikikaribia Idi nikikata ndimu ya mchuzi mkono wenyewe unakwenda, naurudisha. Najua sasa Bi Shirini alikuwa anajisikiaje.

Kwa hiyo nimekula yamini. Mtu akiingia kwangu akiniambia usijishughulishe, sijishughulishi. Nakaa chini, nafunga mikono. Wameshaanza kusema Zuhura siku hizi kawa na kiburi, hajui kukirimu, waseme. Hata nyinyi mlipoingia mlisema hivyo hivyo, ndiyo maana hiyo chai mmejimiminia wenyewe.